Ulimi na Koo

Inspekta aliuvuta mlango wa chumba cha mahojiano kwa nguvu hata kitasa kikabaki mkononi mwake. Kitasa hicho kilikuwa kikilegea tangu mwaka jana, na kituo kizima kilikuwa kikisubiri mtu mwingine akikaze. Akakitupa mezani.

"Kaa," akamwambia mwanamume aliyekuwa ameshaketi.

Kituoni walimwita inspekta huyo Kiroboto, akishawapa kisogo, kwa sababu alikuwa mwanamke ambaye akimng'ang'ania mtu hamwachii mpaka amtoe damu. Alilijua jina hilo na halikumuudhi. Asubuhi hii aliudhiwa na mengine. Daktari wa hospitali kuu alikuwa ametoka kumpigia simu: mgonjwa hajitambui, anahema kama aliyekimbizwa, damu imejaa asidi na figo zimeanza kugoma. Ni sumu, lakini sumu ziko za kila namna, na ukimpa mtu dawa isiyo yake unammalizia. "Niambie alimeza nini," daktari alisema, "na uniambie kabla jua halijaanza kushuka. Baada ya hapo usijisumbue kupiga simu."

Mwanamume aliyeketi mezani alikuwa rafiki wa mgonjwa huyo. Wawili hao waliandika kitabu cha wasafiri, kile kinachouzwa kwenye vituo vya treni, kinachomwambia mgeni ashuke wapi akale na aingie baa ipi akate kiu. Mgonjwa ndiye aliyeonja vyakula, na pombe hakuwahi kuigusa maishani. Wasomaji walimwita Ulimi. Huyu wa mezani alionja vinywaji, wakamwita Koo. Hoteli waliyoisifu ilijaa mwaka mzima, na waliyoiruka ilibaki na nzi wake.

"Rudia," Kiroboto akasema. "Kuanzia mlipoingia Baa ya Kona."

"Nimeshamweleza askari wa zamu, afande."

"Yeye hakukasirika. Nieleze mimi."

Koo akafuta uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu na pumzi yake ilitosha kuwasha jiko. "Tuliingia jana jioni. Tukala sahani moja, kila kitu tulichangia. Supu ya mboga, kuku wa kukaanga, viazi, mwisho keki ya asali. Mimi nikaonja vinywaji."

"Vinywaji vipi?"

"Vyote. Ndiyo kazi yangu."

"Na mwenzako?"

"Maji. Mama yake alimwapisha tangu mtoto."

"Halafu?"

"Tukarudi nyumba ya wageni. Akaanza kuyumba. Anacheka ovyo, maneno hayashikiki, anagonga kuta. Mimi na wageni wengine tukacheka sana. Tukajua leo kaonja. Tulimwimbia, afande. Nikamvua viatu, nikamlaza."

"Mtu hajanywa maisha yake yote, anayumba, nanyi mnamwimbia."

"Nilikuwa nimelewa."

Kiroboto alitamani kumrushia kile kitasa. Badala yake akamwuliza kwa sauti ya chini, ile ambayo wezi wazoefu wa mji ule waliiogopa kuliko kelele: "Wiki iliyopita mligombana. Mwenye nyumba ya wageni aliwasikia. Mligombana kwa nini?"

"Alitaka baa zitolewe kitabuni."

"Zikitolewa, wewe unabaki na kazi gani?"

"Sina kazi." Koo hakukwepa. "Lakini tunagombana kila mwaka. Mwaka juzi alitaka kuzitoa hoteli zote zinazotumia vikombe vya plastiki. Ningekuwa mtu wa kumuua, ningemuua siku ile."

Watu wawili wamekula sahani moja, mmoja yuko kufa kupona na mwingine anaumwa kichwa tu. Kwa sheria za kazi, huyu wa kichwa ndiye wa kushikwa. Kiroboto aliligeuza jambo hilo upande huu na ule, na kila alivyoligeuza lilimkera zaidi. Mtu anayemlisha mwenzake sumu kwenye sahani wanayochangia hujilaza naye, ashike tumbo, augue japo kwa kusingizia. Huyu aliamka mzima, akakubali kupimwa bila ubishi, na hospitali haikuona kitu kwenye damu yake ila pombe. Muuaji mjinga kiasi hicho hakuwa amewahi kumwona.

Mkuu wa kituo akachungulia mlangoni. "Bado tu? Mwenye baa, aliyewapikia, tunaye mahabusu. Mama wa mgonjwa alikuja hapa alfajiri akitaka ashtakiwe, kabla ya kurudi hospitali, na ameshapiga simu kwa wakubwa. Mfungulie mashtaka huyo mpishi tumalize."

"Tumalize nini, mkuu? Mtu bado hajafa."

"Usinijibu hivyo, Kiro—" Mkuu akakohoa. "Inspekta."

"Nipe funguo za mahabusu," Kiroboto akasema, akatoka na kuubamiza mlango usio na kitasa.

Mwenye baa, Mama Kona kwa wote, alitoka mahabusu peku, kwa maana viatu huachwa kaunta na vya kwake vilikuwa havionekani. Alikuwa mnene, wa makamo, na hasira zake hazikuwa ndogo kuliko za inspekta. Garini hakusema neno. Walipofika mbele ya baa yake, mkabala na kituo cha treni, akaona mlango umelazwa barazani.

"Mmeuvunja."

"Tulitakiwa kupekua."

"Ufunguo nilikuwa nao mkononi wakati mnanifunga pingu. Hakuna aliyeniuliza."

Kiroboto akauruka ule mlango. Wakaingia. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, isipokuwa meza moja ya dirishani iliyozungushiwa utepe wa polisi. Nyuma ya kaunta chupa zilisimama kwa kimo. Jikoni kulinuka mafuta yaliyolala, na sufuria zilitapakaa sakafuni jinsi wapekuzi walivyoziacha. Mama Kona akainama aokote mfuniko, akakumbuka haruhusiwi kugusa kitu, akauacha.

"Okota tu," Kiroboto akasema. "Sasa nisikilize. Tunapita chakula kimoja kimoja. Supu?"

"Sufuria moja. Nimewauzia abiria wa treni mbili. Hakuna aliyerudi kulalamika, na hapa watu hulalamika hata chumvi."

"Kuku?"

"Mabaki nilikula mimi na wahudumu. Viazi vilevile."

"Keki?"

"Vipande vyote viliuzwa. Kuna bibi alikula viwili."

"Asali?"

"Inatoka debe lile pale. Ndiyo ninayotia kwenye chai yangu kila siku. Unataka ninywe debe zima ndiyo uniamini?"

"Ningekuwa na muda ningekwambia unywe."

Kiroboto akarudi ukumbini, akapita chini ya utepe, akasimama pale alipokuwa ameketi Ulimi. Kitambaa cha meza kilikuwa hakijatolewa. Wapekuzi walichukua mabaki ya mkate na glasi, wakapeleka maabara ambako majibu huchukua wiki. Karibu na kiti kulikuwa na doa la manjano, pana kama kisahani cha kikombe. Akaligusa. Lilikuwa bado na unyevu, na vidole viliteleza. Akavisugua, vikateleza tena. Akavuka hadi jikoni, akachovya kidole kingine kwenye debe la asali. Hicho kikanata, na alipojaribu kukifuta kwa karatasi, karatasi nayo ikamganda.

"Mama Kona. Hapa mezani kulimwagika nini?"

"Asali."

"Hii si asali."

"Ni asali, inspekta. Ilikuwa kwenye kijagi cha asali."

"Kijagi kipi?"

"Kile cha picha."

Hapo Kiroboto akavuta kiti kilichopinduliwa, akakigeuza, akaketi. "Anza mwanzo. Taratibu."

Mama Kona alisema kwamba jana mchana alikuja mpiga picha wa kitabu. Alipanga meza ile ya dirishani kwa zaidi ya saa nzima: maua, sahani, keki, kijagi cha kioo kilichojaa, taa zake mbili kubwa. Alipiga picha asali ikimiminika juu ya keki mara nyingi hata keki ikaharibika. Alipokuwa akiondoka alimwambia waonjaji wanakuja siku yoyote, na wana visa: kinachoonekana pichani wakikikosa mezani, wanakufuta kitabuni bila hata kukuaga. Kwa hiyo asibadilishe kitu.

"Keki niliitupa, ilikuwa imelowa," Mama Kona akasema. "Lakini kijagi nilikifunika kwa kisahani, nikamkataza kila mhudumu asikiguse. Miaka yote hii nimeomba niingie kwenye kile kitabu. Treni zinasimama hapo mbele, watu wanashuka wakiwa na kitabu mkononi, wananipita wanakwenda kutafuta hoteli iliyoandikwa. Wananipita hivi, nikiwatazama."

"Ulijua jana kwamba ndio wao?"

"Nani asiyemjua Ulimi? Anatafuna amefumba macho. Nilipomwona, nikatoa kijagi mwenyewe. Asali yake ilikuwa inang'aa kuliko yangu. Nilidhani mpiga picha kaniachia nzuri zaidi, nikamshukuru moyoni." Mikono yake ilianza kulitafuta pindo la kanga ambayo hakuivaa. "Yule mwenzake alinizuia, alisema tamu haiendi na bia, akapata kidogo. Lakini Ulimi alipenda. Hakuniomba. Mimi nilimwongezea, inspekta. Nilimwongezea mara mbili."

"Kijagi kiko wapi?"

"Nilikiosha. Kiko rafuni."

Kiroboto alitukana, tusi moja fupi lisilomlenga mtu. Kisha akasema, "Kilete. Na unichemshie maji."

Mpiga picha alikuwa na studio ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kuta zote zilijaa vyakula vikubwa kuliko watu. Mezani kulikuwa na glasi ya bia ambayo povu lake halikushuka hata kidogo tangu Kiroboto aingie, na barafu zilizopangwa juu ya trei bila kuyeyuka. Yeye mwenyewe alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Nimesikia habari za Ulimi," akasema. "Zimenihuzunisha mno."

"Ulisikia lini?"

"Asubuhi. Mchapishaji alinipigia."

"Jana ulipiga picha Baa ya Kona. Kwenye kijagi kulikuwa na nini?"

"Asali, bila shaka."

"Asali tu?"

"Asali tu, afande. Ningeweka nini kingine?"

Kiroboto akafungua mkoba, akatoa kijagi cha kioo kilichofunikwa kwa kisahani. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, chepesi, kinachong'aa. Akakiweka mezani kando ya bia ya uongo, akachomoa kijiko mfukoni, akakijaza.

"Onja."

Mpiga picha akatabasamu, kisha tabasamu likamganda. "Mimi... situmii vitu vitamu."

"Kijiko kimoja."

"Tumbo langu haliko sawa."

"Umesema ni asali. Onja."

Kijana akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa picha ya kuku wa kuchoma. Alikuwa amebana midomo kama mtoto anayelazimishwa dawa. Kiroboto akakigeuza kijiko, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akameza.

"Asali na maji ya moto," akasema. "Nimekoroga mwenyewe jikoni kwa Mama Kona. Sasa nionyeshe ile yako."

Kijana akaketi chini palepale. Akanyoosha kidole kwenye kabati la chini ya sinki. Ndani yake, kati ya sabuni na rangi, kulikuwa na galoni la dawa ya rejeta, ile mafundi wanayotia ili injini isichemke, ya manjano, yenye picha ya fuvu ubavuni. Nusu yake ilikuwa imetumika.

"Asali ya kweli keki inainyonya," akaanza kueleza, harakaharaka. "Na chini ya taa inakuwa na ukungu. Hii inakaa juu, inang'aa, inamiminika vizuri. Wapiga picha wengi wana ujanja wao, afande, chakula cha picha si cha kuliwa, kila mtu anajua—"

"Mama Kona hajui."

"Nilimwambia asibadilishe mpangilio. Meza. Maua. Sikumwambia awape watu wanywe."

"Ulimwambia asibadilishe kitu, ukaiacha kwenye kijagi cha asali, mezani, hotelini." Kiroboto alikuwa tayari na simu sikioni, daktari alikuwa hajapokea. "Na asubuhi uliposikia?"

"Nilidhani labda si hiyo."

"Usinizungushe."

"Nilidhani atapona," kijana akasema. "Nilidhani watasema ni kuku."

"Watasema ni kuku. Na aliyekaanga kuku?"

Daktari akapokea. Kiroboto akasoma maandishi ya galoni herufi kwa herufi, akaambiwa arudie, akarudia. Alipokata simu ndipo alipotoa pingu. Alizivuta kwa hasira hata funguo zikaanguka, na kijana akawa yeye wa kumwokotea. Hilo nalo halikumpunguzia kitu. Tangu asubuhi huyu alikuwa na jibu chini ya sinki, akakaa nalo akipanga barafu za plastiki.

Daktari aliwapokea kwenye korido ya wodi ya mahututi, Kiroboto na Mama Kona, ambaye inspekta alikuwa amempitia njiani kwa sababu aliyoelezwa na daktari kwenye simu.

"Dawa hiyo yenyewe haina makali sana," daktari alisema huku akitembea. "Mtu anaonekana amelewa tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa sumu. Lakini ini likipata pombe, linaanza na pombe kwanza, na ile nyingine inapita kwenye mkojo bila kugeuzwa."

"Koo," Kiroboto akasema.

"Kapata kidogo, akaishushia na vinywaji vya baa nzima. Ndiyo maana yuko hai na mnamshuku. Dawa maalumu nimeiagiza, haitafika leo. Kwa sasa nahitaji pombe kali, nyeupe, isiyochanganywa na chochote. Tutaipitisha kwa mrija wa puani. Na hospitali haina baa."

Mama Kona akanyoosha chupa aliyokuwa ameifunga kwenye taulo la jikoni. Daktari akaisoma, akatikisa kichwa kukubali. "Muda bado upo. Lakini nahitaji mtu wake aseme ndiyo."

Mtu wake alikuwa mlangoni mwa chumba: mwanamke mrefu, mzee, aliyejifunga mtandio mweusi, aliyesimama tangu asubuhi kwa kukataa kiti. Aliyasikia yote. Nyuma yake mashine ilikuwa ikihesabu pumzi za mwanawe.

"Nani kamleta huyu hapa?" akauliza, akimtazama Mama Kona.

"Mimi," Kiroboto akasema. "Hakumtilia sumu. Aliyefanya hivyo tunaye. Mama, tunahitaji—"

"Nimesikia mnachohitaji. Baba yake nilimzika kwa sababu ya pombe hiyo. Tangu siku ile haijavuka kizingiti changu, na mtoto huyu aliniapia akiwa na meno ya utoto. Tafuteni kingine."

"Hakuna kingine," daktari akasema.

"Tafuteni."

"Mama," Kiroboto akasema, na sasa sauti ilimtoka juu, korido nzima ikageuka, "nimezunguka mji huu tangu asubuhi nikitafuta jina la kitu alichomeza. Nimelipata. Usiniambie nimelipata ili usimame mlangoni."

Yule mama hakupepesa. "Jana walimcheka," akasema. "Wamenieleza. Walimwimbia, wakasema amelewa, na hakuwa na tone. Alikuwa anakufa mbele yao, safi. Leo unataka nimleweshe mimi, kwa mkono wangu, awe vile walivyomwimbia."

Ndipo Mama Kona akasogea mbele, peku, chupa kifuani.

"Si wao waliomlisha," akasema. "Ni mimi. Nilidhani ni asali. Alipomaliza nikamwongezea, na akamaliza tena nikamwongezea, nikawa ninafurahi. Ukitaka kunipiga nipige. Lakini mpe kwanza."

Mama wa Ulimi akampiga. Lilikuwa kofi la mtu mzima, la mkono mzito, na kichwa cha Mama Kona kikaenda upande. Kiroboto akanyanyua mguu aende kati yao, akausitisha. Mama Kona alikuwa hajaiachia chupa. Akageuza uso wake taratibu, akasimama palepale aliposimama.

"Sasa mpe," akasema.

Yule mama akamtazama, akatazama kiganja chake mwenyewe. Kisha akaichukua chupa. Aliibeba mpaka kitandani akiwa ameiweka mbali na mwili, akajaribu kuifungua, akashindwa, kwa kuwa hakuwahi kufungua ya namna hiyo na alikuwa akiuvuta mfuniko juu.

"Zungusha," Mama Kona akasema kutoka nyuma. "Kushoto."

Mfuniko ukaachia. Harufu ikampanda puani, akafumba macho, machozi yakamtoka kwa hasira na kwa mengine. Daktari alishaunganisha mrija, akaweka faneli ndogo juu yake, akamwonyesha alama ya kufikia. Yule mama akainama juu ya mwanawe mpaka mdomo wake ukakaribia sikio, akainamisha na chupa.

"Kunywa, baba," akasema. "Kunywa. Mimi ndiye ninayekupa."